Jinsi ya kugeuza mchoro wa penseli kuwa kazi kamili ya kidijitali

Mchoro wa penseli una uhai ambao hupotea kwa urahisi unapohamishiwa kwenye kompyuta. Mkono uliochora upesi, ukaurudia mstari mmoja mara tatu ukitafuta mahali pake, huacha kwenye karatasi mwendo unaoonekana hata na mtu asiyejua kuchora. Kisha mchoro huohuo unapitishwa kwenye skana, unasafishwa, unatiwa wino na rangi, na mwishowe kinatokea kitu kinachong'aa, kisicho na kosa lolote, lakini kilichokauka kama ukuni. Kwa maoni yangu, hilo halisababishwi na programu wala na kutojua vitufe. Husababishwa na maamuzi madogo madogo ya kila hatua, kila uamuzi ukipunguza kidogo kile kilichokuwa kizuri kwenye karatasi. Maelezo haya yanafuata hatua hizo tangu karatasi hadi faili la mwisho, na kila mahali nitaonyesha ni wapi uhai huo huvujia.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: jogoo aliyesimama juu ya ndoo ya bati iliyopinduliwa, aliyechorwa kwa penseli ya 2B kwenye karatasi ya A5. Jogoo ana karibu kila aina ya ugumu, kwa kuwa manyoya ya mkia wake yanadai mistari mirefu isiyosita, miguu yake ina magamba madogo, kilemba chake ni chekundu kuliko kitu kingine chochote kwenye picha, na ndoo iliyo chini yake huakisi mwanga kwa namna tofauti kabisa na manyoya.

Kuhusu programu sitasema mengi. Krita na GIMP hupatikana bure, Photoshop na Clip Studio Paint hulipiwa, na Procreate ni ya watumiaji wa iPad. Zote hufanya kazi kwa matabaka, yaani kurasa angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine, na karibu kila ninachoeleza hapa kinawezekana katika yoyote kati ya hizo, ingawa majina ya menyu hutofautiana.

Kazi ya kwanza hufanyika kwenye karatasi

Kompyuta hairekebishi mchoro wenye kasoro. Inauonyesha tu kwa ukubwa zaidi. Kabla ya kuwasha chochote, ishike karatasi mbele ya dirisha au taa na uutazame mchoro kwa upande wa nyuma. Ukiuona umegeuka kushoto kulia, jicho lililokwisha kuuzoea huamka ghafla na kutambua kwamba shingo imelala upande mmoja, au kwamba mguu mmoja wa jogoo haubebi uzito wowote. Kosa kama hilo husahihishwa kwa kifutio ndani ya dakika mbili, lakini likigunduliwa baada ya wino na rangi litakugharimu jioni nzima.

Usifute mistari yote ya kutafutia umbo. Kama inakuchanganya, tumia penseli mbili: anza na penseli ya buluu hafifu kwa maumbo ya jumla, kisha thibitisha mistari unayoitaka kwa penseli ya kawaida. Ujanja huu ni wa zamani kuliko kompyuta, kwani filamu zilizotumiwa kupiga picha kurasa za kuchapisha ziliiona buluu hafifu kana kwamba ni nyeupe, na wachoraji wakaweza kuacha mistari yao ya maandalizi bila kuifuta. Leo matokeo hayohayo hupatikana kwa kuskani kwa rangi na kisha kuitazama picha katika chaneli zake tatu, nyekundu, kijani na buluu. Katika chaneli ya buluu, mstari wa buluu hafifu hurudisha mwanga karibu sawa na karatasi nyeupe na hivyo karibu unatoweka, ilhali risasi ya penseli hubaki nyeusi katika chaneli zote tatu. Unachukua chaneli hiyo moja, na mchoro wako uko safi bila kifutio kugusa karatasi.

Kuingiza mchoro kwenye kompyuta

Hapa ndipo haraka huadhibiwa vikali kuliko mahali pengine popote. Niliwahi kuskani mchoro kwa nukta 150 kwa inchi kwa sababu skana ilikuwa ikijivuta, nikaipa karatasi yenyewe kwa rafiki aliyeipenda, na wiki chache baadaye nikaombwa picha hiyohiyo kwa ukubwa wa bango. Karatasi haikuwa yangu tena, na faili nililokuwa nalo halikutosha hata kwa kadi nzuri ya salamu.

Hesabu yake ni rahisi. Kazi ya kuchapishwa kwa kawaida huhitaji nukta 300 kwa kila inchi ya ukubwa wake wa mwisho. Ukurasa wa A4 katika kiwango hicho ni pikseli, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha, 2480 kwa 3508. Sasa, karatasi ya jogoo wangu ni A5, na ukurasa wa A3 una upana na urefu mara mbili ya A5. Kwa hiyo nikitaka siku moja kumchapisha kwa A3, ni lazima nimskani kwa nukta 600 ili akikuzwa mara mbili zibaki 300. Kumbuka tu kwamba kuzidisha nukta mara mbili huzidisha idadi ya pikseli mara nne, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo italalamika. Kwa michoro mingi ya penseli mimi huskani kwa 600, na nikiona faili limekuwa zito kupita kiasi ninalipunguza baadaye, kwa sababu kupunguza kunawezekana wakati wowote, lakini undani ambao haukuchukuliwa haurudi.

Chagua kuskani kwa kijivu au kwa rangi, kamwe si kwa nyeusi na nyeupe tupu. Skana ikipewa uchaguzi wa rangi mbili tu, kila doa la penseli litalazimishwa kuwa ama nyeusi kabisa ama nyeupe kabisa, na mstari laini utageuka ngazi zenye meno. Hifadhi kwa TIFF au PNG, aina za faili zisizopoteza undani. JPEG hubana picha kwa kuigawa katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na kando ya mistari mikali huacha vumbi la kijivu ambalo halionekani kwa mbali, ila utakapoanza kurekebisha weusi na weupe litajitokeza kama upele.

Skana nyingi nyembamba za siku hizi huona vizuri kile tu kinachogusa kioo chake. Karatasi iliyojikunja au iliyolowa maji ya rangi itatoka na sehemu zenye ukungu, kwa hiyo weka kitabu kizito juu ya kifuniko. Ikiwa upande wa pili wa karatasi una mchoro au maandishi, weka nyuma yake karatasi nyeusi. Ukiacha nyeupe, mwanga utapenya, utagonga kifuniko na kurudi umebeba kivuli cha kilicho nyuma.

Asiye na skana atumie simu, na asione haya. Kamera ya pikseli milioni 12 hutoa picha ya takriban 4000 kwa 3000, ambayo inatosha kwa A4 ikiwa karatasi itajaza fremu. Maadui wa picha ya simu ni watatu. Wa kwanza ni kivuli chako mwenyewe, na dawa yake ni kuweka karatasi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, nawe usimame upande usiozuia mwanga. Wa pili ni kupinda kwa umbo, kwa kuwa simu ikikaribia sana hunenepesha kilicho katikati. Rudi nyuma kidogo na utumie lenzi ya kuvuta karibu kama simu inayo. Kabla ya kupiga, chora mstatili kuzunguka mchoro kwa rula, kisha kwenye programu tumia chombo cha kunyoosha mtazamo hadi pembe zake nne ziwe za nyuzi 90, na jogoo naye atanyooka pamoja nao. Wa tatu ni mng'ao wa risasi ya penseli, ambayo ikipigwa na mwanga wa pembe mbaya huwa nyeupe mahali ilipopaswa kuwa nyeusi zaidi. Zungusha karatasi taratibu ukitazama kioo cha simu, na utaona pembe ambayo mng'ao unazimika. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise simu.

Kusafisha bila kukwangua

Fungua picha na utafute chombo cha kurekebisha ngazi za mwanga, kile chenye grafu iliyo kama vilima na vitelezi vitatu chini yake. Grafu hiyo inaonyesha kuna pikseli ngapi za kila kiwango cha mwanga, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe. Mchoro wa penseli huwa na kilima kimoja kikubwa upande wa kulia, nacho ni karatasi, na mkia mrefu mwembamba unaoelekea kushoto, nao ni penseli. Katika mchoro wa jogoo, kilima cha karatasi kilikuwa karibu na 225, na penseli nyeusi kuliko zote haikushuka chini ya 70. Hilo ni la kawaida: karatasi nyeupe si nyeupe kama tunavyodhani, na penseli si nyeusi.

Sogeza kitelezi cha weupe hadi mguu wa kushoto wa kilima cha karatasi, na kile cha weusi hadi mahali mkia unapoanza. Karatasi itakuwa nyeupe na mistari itapata nguvu. Kitelezi cha kati kikisogezwa kulia huongeza uzito wa mistari hafifu. Jaribu, lakini simama mapema kuliko unavyotamani. Anayeanza hupenda kuvuta weupe hadi punje ya mwisho ya vumbi itoweke, na pamoja na vumbi hutoweka mistari ile myepesi ambayo ndiyo iliyoonyesha manyoya ya kifuani kuwa laini na ya mkiani kuwa magumu. Vumbi lifute kwa brashi nyeupe, doa kwa doa. Ni kazi ya dakika kumi.

Picha ya simu mara nyingi huwa na upande mmoja mweusi kuliko mwingine, na hapo vitelezi peke yake havitoshi. Nakili tabaka, lifanye la juu liwe na ukungu mzito sana, kiasi kwamba mistari yote ipotee na ubaki mwanga wa karatasi peke yake, kisha lipe tabaka hilo hali ya kugawanya (hali ni namna tabaka linavyochanganyika na lililo chini yake). Programu itagawa kila pikseli kwa mwanga wa mahali pake, na karatasi nzima itasawazika. Ni ujanja mdogo, lakini umeniokolea michoro mingi iliyopigwa jioni chini ya balbu moja.

Mwisho wa hatua hii, ondoa weupe wenyewe. Njia nyepesi ni kuweka tabaka la mchoro katika hali ya kuzidisha, ambayo wengi huiita maltiplai, kwa sababu katika hali hiyo nyeupe haibadilishi chochote kilicho chini yake. Njia ya pili, iliyo bora zaidi ukitaka kupaka rangi mistari yenyewe, ni amri ya kugeuza rangi nyeupe kuwa uwazi, ambayo GIMP na Krita zote zinayo. Baada yake unabaki na penseli tupu, kama kwamba ilichorwa juu ya kioo.

Kutia wino, au kutotia

Jiulize swali hili kabla ya kuendelea, kwa sababu wengi hulipita bila kulijibu: je, mchoro huu unahitaji wino? Kama penseli yenyewe ni nzuri, na kazi si nembo wala katuni inayotaka mistari mikali, iache. Panga rangi chini yake na umalize. Nimeona michoro mizuri mingi ikiharibiwa na wino ambao haukuhitajika, na ni michache sana niliyoona ikiharibiwa kwa kuachwa na penseli.

Ukiamua kutia wino, shusha uonekanaji wa tabaka la penseli hadi asilimia 25 hivi, ligeuze rangi liwe buluu au waridi ili lisichanganyike na weusi wa wino, kisha lifunge. Kulifunga si pambo. Anayesahau atajikuta baada ya saa tatu amechora wino wake wote juu ya tabaka la penseli, na viwili hivyo havitenganishiki tena. Fungua tabaka jipya juu yake na uchague brashi ngumu inayonenepa na kukonda kwa kadiri unavyoikandamiza kalamu.

Kosa kubwa la hatua hii ni kufuata mstari wa penseli kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Penseli iliyo chini ni pendekezo tu. Tazama mahali mstari unapoanzia, tazama unapoishia, kisha upige kwa pigo moja ukitazama mwisho wake, si ncha ya kalamu. Chukulia unyoya mrefu wa mkia wa jogoo. Geuza kwanza ukurasa kwenye kioo hadi mpindo wa unyoya ulingane na duara ambalo mkono wako hulichora wenyewe kiwiko kikiwa kimetulia. Anzia kwenye shina, karibu na mgongo, ukiwa umekandamiza; legeza unapoingia kwenye mpindo; kandamiza tena kidogo pale tumbo la mpindo linapoelekea chini, kwa sababu hapo ndipo kivuli kitakaa; kisha nyanyua kalamu kabla hujafika nchani, mkono ukiwa bado unakwenda. Mstari utakonda na kwisha wenyewe, na jicho la mtazamaji litamalizia milimita mbili zilizobaki. Kama haukutoka, futa na urudie, lakini nakushauri usirudie zaidi ya mara tatu. Pigo la kumi na tano huwa limenyooka kuliko la pili, nalo limekufa.

Unene wa mistari usiwe mmoja. Mstari wa nje wa jogoo uwe mnene kuliko wa manyoya ya ndani, upande wa chini uwe mnene kuliko wa juu, na mahali maumbo mawili yanapopandana, kwa mfano bawa juu ya ubavu, ongeza kidonge kidogo cha weusi. Pale mwanga unapopiga sana, mgongoni au ukingoni mwa ndoo, katisha mstari kabisa na uache mwanya. Mianya hiyo itakusumbua wakati wa kumwaga rangi, na kishawishi cha kuiziba kitakuwa kikubwa. Usiizibe; kuna njia nyingine nitakayoieleza.

Programu nyingi zina kituliza mkono, ambacho huufanya mstari ufuate kalamu kwa kuchelewa kidogo ili mitetemo isionekane. Kitumie kwa kiasi. Kikiwa juu sana, kila mpindo hulainika sawasawa, na ndoo ya bati iliyogongwagongwa hutoka kana kwamba imetengenezwa kwa mpira. Usikuze picha kupita asilimia 200 pia, kwa kuwa ukikaribia mno utaanza kupamba magamba ya mguu ambayo hakuna atakayeyaona, huku mkao mzima wa jogoo ukikuponyoka.

Asiye na tableti ya kuchorea anaweza kutia wino kwenye karatasi kwa kalamu isiyoyeyuka majini, akaskani baadaye, au akatumia kipanya na programu ya vekta kama Inkscape. Vekta haihifadhi pikseli bali hesabu za mipindo, ile mipindo iliyopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi aliyeitumia kusanifu miili ya magari ya Renault katika miaka ya 1960; ndiyo sababu hukuzwa hadi ukubwa wowote bila kuchakaa, na ndiyo sababu nembo huchorwa hivyo. Siri yake ni kuweka nukta chache, hasa pale mpindo unapofika juu kabisa, chini kabisa au pembeni kabisa. Inkscape pia inaweza kufuatisha picha yenyewe kwa kutumia zana iitwayo Potrace, ambayo hufanya kazi nzuri juu ya wino mweusi uliokolea, lakini ukiipa penseli hafifu itakurudishia mamia ya vipande vilivyochanika.

Rangi za msingi

Weka tabaka jipya chini ya wino na umimine rangi bapa, yaani rangi isiyo na kivuli wala mwanga, katika kila sehemu: mwili, mkia, kilemba, mdomo, miguu, ndoo. Katika studio za vitabu vya katuni kazi hii mara nyingi hupewa mtu wake maalumu, na si ajabu, maana inachosha.

Ukitumia ndoo ya rangi, yaani chombo cha programu kinachojaza eneo zima kwa mbofyo mmoja, iambie isome mipaka kutoka tabaka la wino, na upanue eneo lililochaguliwa kwa pikseli moja au mbili. Kingo za mistari ya kidijitali huwa na pikseli za kijivu zinazolainisha meno, na eneo lisipopanuliwa rangi itaishia kabla yake na kuacha uzi mweupe kuzunguka kila kitu. Kuhusu mianya ile uliyoiacha, baadhi ya programu zina mpangilio wa kuiziba kwa mawazo tu, bila kuchora chochote. Kama yako haina, tumia kamba ya kuchagulia: zungushia umbo kwa mkono, ukipita katikati ya mistari ya wino na ukikatisha mianya kwa macho yako, kisha ujaze. Mimi hupendelea kamba hata mahali ndoo ingetosha, kwa sababu inanilazimisha niliamue umbo upya badala ya kuikubali mipaka kama ilivyo.

Chagua rangi chache. Kisha zikague kwa weusi na weupe kabla hujapenda mno mojawapo: weka juu ya kila kitu tabaka lililojazwa kijivu na ulipe hali ya rangi, picha yote igeuke kijivu. Jicho halioni rangi zote kwa uzito sawa. Katika mwangaza wa rangi za skrini, kijani huchangia karibu asilimia 72, nyekundu 21 na buluu 7 tu. Ndiyo maana kilemba chekundu kilichokuwa kikiwaka kinaweza, katika kijivu, kuyeyuka kabisa ndani ya mkia wa kijani kilichoiva. Hilo lilinitokea kwa jogoo huyu, na nikalazimika kuutia mkia giza zaidi hadi kichwa kikasimama peke yake.

Kivuli na mwanga

Kwanza chora mshale mmoja kwenye tabaka la pembeni kuonyesha mwanga unatoka wapi, na usiufute hadi mwisho. Kisha fungua tabaka juu ya rangi bapa, lifunge kwenye rangi hizo ili lisitoke nje ya umbo, na ulipe hali ya kuzidisha. Katika hali hii programu huzidisha thamani mbili na kugawa kwa 255, hivyo rangi yenye 200 ikikutana na kivuli chenye 128 hutoka takriban 100. Kwa kuwa hesabu hiyo hufanyika katika kila chaneli peke yake, kivuli cha kijivu hupunguza zote sawa na kuifanya picha ionekane imepakwa masizi. Kivuli cha zambarau hafifu au buluu iliyotulia huacha rangi zikiwa hai hata gizani.

Paka kivuli kwa vipande vikubwa vyenye kingo kali kwanza, kisha ulainishe kingo chache tu. Kivuli kinachotupwa, kama cha mwili juu ya ndoo, kina ukingo mkali karibu na kinapoanzia. Kivuli cha umbo linalojikunja, kama kifua, hupotea taratibu. Ukilainisha kila kitu utapata jogoo wa plastiki. Bati hufuata sheria nyingine kabisa: giza na mwanga hukaa bega kwa bega bila kati, na ukingo wa ndoo ulio kivulini huokota wekundu wa miguu iliyo juu yake. Mwanga mkali kabisa uuweke mahali pawili au patatu, kwenye jicho, kwenye bati, labda kwenye ncha ya mdomo, na uache.

Halafu rudi kwenye wino. Funga uwazi wa tabaka lake ili brashi iguse tu palipochorwa, na upake mistari ya ndani kwa rangi iliyoiva zaidi ya ile iliyo jirani nayo: kahawia kwenye manyoya ya shingo, nyekundu nzito kwenye kilemba. Mstari wa nje unaweza kubaki mweusi. Mwishowe rudisha penseli ya awali juu ya kila kitu katika hali ya kuzidisha kwa asilimia 10 hadi 20. Hatua hii ya mwisho huchukua sekunde chache, na mara nyingi ndiyo inayorudisha ule mwendo wa mkono ambao wino uliunyoosha.

Kukagua na kuhifadhi

Geuza picha kushoto kulia kama ulivyofanya na karatasi mbele ya dirisha, ipunguze hadi iwe ndogo kama stempu uone kama jogoo bado anasomeka, kisha ilale usiku mmoja kabla ya kuitoa.

Hifadhi faili lenye matabaka yote katika umbizo la programu yako, na matoleo yenye namba badala ya kufuta la zamani. Kwa skrini toa PNG, au JPEG ya ubora wa juu kama uzito ni tatizo, ukiwa katika mfumo wa rangi wa sRGB na wasifu wake ukiwa ndani ya faili. Kwa uchapishaji muulize mchapaji anataka nini kabla ya kubadilisha chochote. Kwa kawaida atataka CMYK, mfumo wa rangi wa wino nne za uchapishaji, ambamo kijani kikali na buluu inayowaka hufifia kwa sababu wino hauwezi kuzitoa, na atataka picha izidi ukingo wa kukata kwa milimita 3 kila upande. Badilisha nakala, si faili lenyewe, na uzitazame rangi upya baada ya kubadilisha.

Karatasi nayo iandike nyuma yake jina la faili na tarehe, uilaze kwenye bahasha mahali pasipofika jua, na mtu akiipenda sana, mpe chapa.